Herufi Moja ni Mtu Mwingine

Jumatano ambayo wifi hakuja kazini, mimi nilimkasirikia. Nilimngoja kwa fundi viatu pale kwenye kona, mahali tulipokutana kila asubuhi kwa miaka tisa, mpaka fundi akaniuliza kama leo nimekuja kumsaidia kushona soli. Nikaondoka peke yangu, njia nzima nampangia maneno. Ofisini nilichukua kikaratasi nikaandika, "Wifi, leo umenitupa," nikakibandika kwenye kioo cha kompyuta yake akione akiingia. Saa nne kasoro mume wangu akanipigia simu. Alikuwa amempelekea dada yake mtungi wa gesi, akamkuta amekaa kitandani, ameegemea ukuta, amevaa kiatu kimoja, amekwisha kukata roho. Daktari alisema ni presha. Kile kikaratasi kilikaa kwenye kompyuta siku sita, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kukibandua, mimi wa kwanza.

Naandika haya nisije nikasahau yalivyofuatana. Wiki tano kabla ya siku hiyo wifi aliomba kitu kimoja kazini. Aliomba akae dakika arobaini na mshauri anayewasikiliza askari waliopatwa na mambo mazito. Hakuomba zaidi ya hapo.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Mimi nilimwita wifi, naye akaniita wifi, na kwa kuwa tulifanya kazi chumba kimoja, kituo kizima cha polisi kikafuata. Askari akiwa na rekodi inayotakiwa mahakamani aliambiwa, "Ipeleke kwa mawifi." Yeye ndiye aliyeniingiza kazini. Siku ya kwanza alinivalisha hedfoni akasema kwamba huko majumbani mawifi husikiliza ya ukutani bure, hapa tumepata mjinga wa kutulipa.

Kazi yetu ni kuandika sauti. Mtu akipiga simu ya dharura, au mshukiwa akihojiwa, maneno yake yanarekodiwa, nasi tunayaweka kwenye karatasi neno kwa neno. Mikono inaandika, na mguu wa kulia uko juu ya kanyagio chini ya meza. Ukikanyaga kwa vidole sauti inakwenda, ukikanyaga kwa kisigino inarudi nyuma. Sheria ni mbili. Unaandika kinachosikika, si unachodhani. Na neno likikataa kushikika unalirudia mara tatu, kisha unaandika kwenye mabano: haisikiki. Pembeni mwa karatasi kuna safu ya kuonyesha umerudia mara ngapi. Wengi tunajaza tatu, tatu, tatu bila kufikiri. Wifi alijaza ukweli, kwa penseli, vijiti vitano vitano.

Sisi si askari. Hatuna namba, hatuna kofia, hatupigi saluti wala hatupigiwi. Mtaani majirani hupunguza sauti tukipita kwa kuwa tunatoka polisi, na huko polisi tunaitwa raia. Wifi alikuwa akisema sisi ni kama popo, ndege wanatukataa na wanyama wanatukataa, afadhali basi watuachie dari. Dari yetu ilikuwa chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu, meza mbili, feni moja inayogeuza shingo upande mmoja tu, na ukuta mwembamba unaotutenga na chumba cha mikutano.

Mwezi wa tatu iliungua nyumba ya kupanga. Mama mmoja na watoto wake wawili walifia ndani. Kabla ya kufa yule mama alipiga simu ya dharura, na simu ile ilikuwa na dakika sita. Mwenye nyumba alishtakiwa kwamba aliwafungia mlango wa nyuma kwa kufuli kwa sababu ya ugomvi wao. Kwenye dakika ya nne mama anasema kuhusu mlango huo, lakini mwanzo wa neno umeliwa na kikohozi. Kinachobaki ni "...mefunga mlango wa nyuma." Kama alisema amefunga, mwenye nyumba ana jambo la kujibu. Kama alisema nimefunga, basi alifunga mwenyewe, pengine kwa kuogopa wezi, na mwenye nyumba anarudi kwake.

Faili lilikuja kwa wifi. Mpelelezi wa kesi hiyo tulimpachika jina la Leoleo, maana kila kitu anakitaka leoleo. Si mtu mbaya. Alikuwa wa kwanza kuingia ndani ya ile nyumba moto ulipozimwa, na tangu hapo alikuwa akinawa mikono kila akipita kwenye bomba. Alikuja chumbani kwetu mara mbili kwa siku, anaegemea mlango, anauliza wifi amefikia wapi. Siku moja akasema haoni ugumu wote huu unatoka wapi.

"Wifi, nakuomba herufi moja tu. Niandikie a."

"Afande," wifi akamjibu bila kuvua hedfoni, "herufi moja ni mtu mwingine."

Akacheka, akaondoka. Akiwa ukumbini tulimsikia akimwambia mwenzake kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Wifi alitabasamu tu. Alipenda mtu mwenye methali tayari mdomoni, hata akitukanwa nayo.

Lakini hakuwa sawa, nami niliona. Kila alipoirudia ile rekodi aliianza mwanzoni kabisa. Nilimwambia aruke mpaka dakika ya nne. Akasema mtu humsikii mpaka umemzoea anavyovuta pumzi. Basi alimzoea. Tukikutana kwenye kona alianza kunihimiza tuwahi kazini, na chai yake ikawa inapoa na kuota utando. Nikimsemesha aligeuza kichwa pole pole, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha mbali.

Mshauri alikuja Jumatatu moja. Alikaa chumba cha mikutano, jirani yetu, na askari wanne waliofika kwenye moto wakaingia mmoja mmoja. Ukuta ule hauzuii kitu. Hatukutaka kusikiliza, lakini masikio yetu ndiyo kazi yetu, hayana likizo. Tulimsikia koplo mmoja, mtu mwenye kifua kama mlango wa gereji, akilia kwa kwikwi. Alipotoka alipitia kwetu kuomba maji ya kunywa, akatuambia, hata hatukumuuliza, kwamba ameshusha mzigo. Wifi alimtazama mpaka akamaliza maji. Kisha akaniuliza fomu ya kumwona huyo mshauri inapatikana wapi.

Ilikuwa fomu ya ukurasa mmoja. Swali la nne liliuliza: Je, ulikuwepo eneo la tukio? Ndiyo. Hapana.

Nilimwambia aandike ndiyo. Nikampigia hesabu: dakika sita mara arobaini ni saa nne, na wale askari walikaa pale saa mbili na nusu. Nani basi alikuwepo zaidi?

"Wifi, mimi nidanganye kwenye karatasi ya polisi?" akasema. "Watanikamata wanihoji, na mahojiano yangu utaletewa wewe uyaandike. Nakujua, utaniwekea na maneno ya kwenu."

Akaandika hapana, kwa mwandiko wake mzuri. Hakuandika kwa ujinga. Kwa miaka ishirini alikuwa akiandika kile kilichopo, na kilichopo ni kwamba hakuwahi kukanyaga pale.

Jibu lilirudi baada ya siku tatu. Hakukuwa na barua, ni ile ile fomu imegongwa muhuri wa zambarau, upande mmoja wino umekolea na upande mwingine umefifia. Wifi aliutazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Angalia. Na mimi nimeandikiwa haisikiki."

Niliichukua nikaigeuza kwenye mwanga. Haikuwa hivyo. Ilikuwa HAHUSIKI. Nilimwonyesha herufi, naye akavaa miwani, akazisoma moja moja, kicheko kikamwishia usoni taratibu.

Tulikwenda wote wawili kwa afisa utumishi. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akaita mihuri yake mitatu wanangu na kuisogeza pembeni tupate mahali pa kuweka mikono. Alieleza kwamba huduma ile ni ya askari waliofika kwenye tukio, ndivyo waraka unavyosema, na sisi ni raia, tunakaa ofisini, kivulini, tunakunywa chai. Akamalizia kwa upole, kama anampa mtoto pipi, kwamba sikio halipiti kichwa.

"Hatutaki kukipita, mzee," wifi akasema. "Tunaomba kofia itufunike na sisi."

Afisa alicheka kwa dhati. Akasema hiyo nzuri, ataiandika mahali. Tukatoka. Ukumbini wifi aliniambia angalau leo kuna mtu ataandika alichokisema yeye.

Jumapili iliyofuata alikuja kula kwetu mchana, kama kawaida yake. Watoto wangu walikuwa wamezoea kuangalia mguu wa shangazi yao chini ya meza, kwa sababu ulikuwa unakanyaga wenyewe, vidole, kisigino, vidole, kisigino. Walimuuliza, "Shangazi, unashona nini?" naye siku zote huwajibu anashona midomo ya watoto wanaouliza. Siku hiyo hakujibu. Wakaendelea kula. Kisha mtoto wangu wa mwisho akanigeukia akauliza, tena kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, kesho tutaenda shule?"

Wifi aliweka kijiko chini. Akainuka, akatoka nje, akafungua bomba, akawa ananawa mikono ambayo haikuwa na kitu. Nilimfuata. Leo naona aibu kuyaandika niliyomwambia. Nilidhani ni chumvi. Mawifi tuna hadithi ndefu na chumvi. Nikamwambia kama chakula changu hakimfai aseme mezani mbele ya kaka yake, si kuniinukia mbele ya watoto. Akanitazama, maji yanatiririka, akasema chakula ni kizuri, wifi, rudi ndani kitapoa. Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hulipenda jibu fupi.

Jumanne ya mwisho Leoleo alikuja mara tatu. Mara ya tatu hakuegemea mlango, aliingia akasimama nyuma ya kiti cha wifi na kutazama skrini kana kwamba ataliona neno kwa macho. Akasema mwendesha mashtaka anamlaumu yeye, na yeye hana wa kumlaumu. Alipotoka ilikuwa saa kumi na moja. Nilikuwa nimeshafunika kompyuta yangu.

"Andika haisikiki, wifi, twende nyumbani," nikamwambia. "Sheria inasema mara tatu. Nani alikutuma ufike huko ulikofika?"

"Inasikika," akasema. "Mimi ndiye nisiyesikia."

Sikumngoja. Nilimwambia nina watoto, nikaondoka. Mlangoni niligeuka nikaona mguu wake wa kulia ukiinua kisigino. Hayo ndiyo maongezi yetu ya mwisho, na kama yangekuwa kwenye rekodi ningeyaandika vile vile, bila kujipunguzia.

Kwenye mazishi askari walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Koplo wa kifua kipana alibeba jeneza upande wa mbele. Leoleo alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, na hakuja kunipa mkono. Afisa utumishi alituma salamu za rambirambi zilizochapwa, ambamo wifi ameitwa "mtumishi wetu mpendwa, raia". Mume wangu alisoma mpaka hapo akaikunja karatasi, akaniuliza hilo neno la mwisho linafanya nini pale.

Siku ya pili baada ya kurudi kazini, Leoleo aliingia akaweka faili la moto mezani kwangu. Aliniambia, "Wifi, samahani, najua, lakini tarehe imekaribia." Mkono wake ulikuwa na unyevu. Aliondoka kabla sijasema neno.

Niliisoma karatasi ya wifi kabla ya kuvaa hedfoni. Kazi yote ilikuwa imekamilika isipokuwa neno moja, ambapo alikuwa ameacha nafasi. Kila koma mahali pake. Pembeni, kwenye safu, vile vijiti vyake vya penseli vilikuwa vimejaa vikatoka nje ya mstari. Nilivihesabu. Mafungu kumi na mawili ya vitano vitano, na vinne juu. Sitini na nne. Nikapanda juu kusoma maneno. Mwishoni mwa dakika ya tatu, kabla tu ya neno lile la mlango, kulikuwa na mstari huu:

MTOTO: Mama, kesho tutaenda shule?

Kichwani nilisikia bomba la nyumbani kwangu likimwagika. Sitini na nne kazini, na ya sitini na tano alipewa mezani kwangu, na mimi nikamfuata kumuuliza habari za chumvi.

Nilivaa hedfoni. Sitaeleza yote yaliyomo. Mtoto hana hofu katika sauti yake, anauliza tu, kama mtoto anavyouliza akitaka kujua apange daftari au asipange. Mama hamjibu. Kisha ule mlango. Mara ya kwanza nilisikia amefunga, wazi kabisa, nikashika penseli. Mara ya pili nilisikia nimefunga, wazi vile vile. Mara ya tatu nilisikia kikohozi tu, na hapo nikajua kwamba zile mbili za kwanza nilikuwa najisikiliza mimi, si yule mama. Nikavua hedfoni. Ndani ya nafasi aliyoiacha wifi nikaandika kwenye mabano: haisikiki. Kwenye safu, chini ya vijiti vyake, nikaweka vitatu vyangu, na chini ya karatasi, mahali pa mwandishi, nikaacha jina lake na kuongeza langu.

Leoleo alisoma akiwa amesimama. Akafika pale, akafumba macho.

"Herufi moja tu, wifi."

"Herufi moja ni mtu mwingine, afande."

"Hayo ni maneno yake."

"Ndiyo. Nimeyaandika kama alivyosema."

Alikunja karatasi akaiweka ndani ya koti, akatoka, na baadaye kidogo nikasikia bomba la ukumbini.

Siku hiyo hiyo nilichukua fomu. Swali la nne sikuandika ndiyo, maana sikuwepo, wala hapana, maana niliona hapana ilivyomfanyia mwenzangu. Nilipitisha mstari juu ya maneno yote mawili, nikaandika: "Nimesikiliza mara tatu. Aliyekalia meza ya pili alisikiliza mara sitini na nne. Amefariki." Nikaipeleka mwenyewe kwa afisa utumishi. Alisoma, mkono tayari uko juu ya muhuri. Akauacha. Akasoma tena. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pole sana, lakini kompyuta ya makao makuu inapokea ndiyo au hapana, haina mahali pa sentensi. Nilimwambia basi kompyuta ijaze haisikiki. Hakucheka safari hii. Alisema ataulizia juu, akaiweka kwenye trei.

Leo ni wiki ya saba. Fomu iko kwenye trei ile ile, haijagongwa muhuri wowote. Nimekwenda kuiulizia mara nne, na mara zote nimepewa kiti. Mshauri huja kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, nami namsikia akisalimia upande wa pili wa ukuta. Kesi itasikilizwa tarehe kumi na nne. Kwenye meza ya wifi wameweka printa, na rekodi zake zinaletwa kwangu, kwa hiyo kazi ya wawili naifanya mimi. Hakuna aliyeajiriwa.

Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, mtoto wangu wa mwisho aliniuliza ninashona nini.